Kinachomzuia Asianguke: Hesabu Iliyomo Ndani ya Mchezo wa Mtoto

Hapana shaka umekwisha kuuona mchezo huu, hata kama hujawahi kuucheza. Kijitu hukimbia ndani ya kioo cha simu, huruka shimo, hutua juu ya tofali, kisha hukosea hatua moja na kuporomoka mpaka kikapotea. Mtoto huguna, hubonyeza kitufe, na kijitu huanza upya. Mzazi aliyeketi kando aghalabu huona jambo moja tu, nalo ni muda unaopita bila faida.

Malalamiko hayo yana haki yake, na makala haya hayakuja kuyapinga. Yanakusudia kuufungua mchezo wenyewe, kama fundi afunguavyo mfuniko wa saa, ili tuone kilichomo. Ndani ya kule kuruka na kutua mna masomo mawili ambayo watoto wetu wengi huyakimbia darasani, yaani hesabu na fizikia. Mtoto anayejua kwa nini kile kijitu huanguka, na ni kipi kinachomzuia asiipenye sakafu, hayuko sawa na mtoto anayejua kubonyeza tu. Wa kwanza ameshika ufunguo wa kutengeneza. Wa pili ni mteja wa waliotengeneza. Na mzazi anayeuelewa mchezo anaweza kumvusha mwanawe kutoka hali ya pili hadi ya kwanza, bila gharama kubwa na bila ugomvi.

Ndani ya kioo hamna ardhi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ndani ya simu hakuna kinachoanguka. Nazi ikichomoka kutoka kilele cha mnazi, haihitaji mtu wa kuiambia ishuke, ardhi huivuta. Lakini kijitu cha mchezo ni picha tu. Hakina uzito, na tofali analolikanyaga halina ugumu. Mtunzi wa programu asipoandika agizo la kumshusha, kijitu kitabaki kikielea angani milele. Akiandika agizo la kumshusha na kusahau lile la kumsimamisha, kitashuka bila kikomo.

Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo ulioitwa Donkey Kong, uliobuniwa na Shigeru Miyamoto. Mhusika wake alikuwa seremala aliyeruka mapipa na kupanda majukwaa ya chuma. Wakati huo aliitwa Jumpman; baadaye akapewa jina la Mario. Mwaka 1985 ukafuata mchezo wa Super Mario Bros., ambao mpaka leo huhesabiwa kuwa kielelezo cha michezo ya kuruka majukwaa. Mashine iliyouendesha nyumbani ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, yaani nafasi ya herufi zipatazo elfu mbili. Makala haya unayoyasoma yasingeenea ndani yake. Hata hivyo, katika nafasi hiyo finyu watunzi walimfanya Mario aruke kwa namna ambayo wachezaji wa dunia nzima waliikubali mara moja. Siri yao ilikuwa kuchagua hesabu chache zilizo sahihi.

Kuanguka ni kujumlisha

Mchezo hauendi mfululizo kama maji ya mfereji. Huenda kwa picha, na kila picha huitwa fremu. Michezo mingi huchora fremu 60 kwa sekunde, na jicho huziunganisha likaona mwendo. Katika kila fremu kompyuta huuliza maswali yaleyale: kijitu kiko wapi, kina kasi gani, na je, kimegusa kitu?

Mahali pa kijitu huandikwa kwa tarakimu mbili. Moja huhesabu kutoka kushoto kwenda kulia, na nyingine kutoka juu kwenda chini. Kipimo ni pikseli, yaani nukta moja ya kioo. Katika programu nyingi mstari wa juu kabisa wa kioo ni sifuri, na hesabu huongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo kushuka ni kujumlisha, na kupanda ni kutoa.

Nguvu ya mvutano huandikwa kwa maagizo mawili mafupi. La kwanza husema: ongeza 1 juu ya kasi. La pili husema: ongeza kasi juu ya mahali. Hayo hurudiwa katika kila fremu. Kijitu kikianza kikiwa kimetulia, fremu ya kwanza kitashuka pikseli 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 4. Jumla ya masafa itakuwa 1, kisha 3, kisha 6, kisha 10. Hatua ya kwanza haionekani, lakini baada ya nusu sekunde kijitu kinaporomoka kwa kishindo. Hakuna aliyeandika neno "kishindo" mahali popote. Kimezaliwa na kujumlisha kwa subira.

Wazo hili la nyongeza juu ya nyongeza ni kongwe kuliko kompyuta. Abu'l-Barakat al-Baghdadi, mwanafalsafa na tabibu wa Baghdad katika karne ya 12, alieleza kwamba kitu kinachoanguka huzidi kwenda mbio kwa sababu msukumo mpya huongezwa juu ya ule uliokwisha kuwepo, hatua baada ya hatua. Karne nne na ushei baadaye, Galileo wa Italia aliviringisha mipira juu ya mbao zilizoinamishwa, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1638 akaonyesha kwamba katika vipindi vya muda vinavyolingana masafa hukua kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7. Hata neno algorithimu, linalotumiwa kwa utaratibu wa hatua zinazofuatana kama hizi, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad.

Maagizo mawili, majibu mawili

Sasa na tumrushe kijitu wetu. Mchezaji anapobonyeza kitufe, programu humpa kasi ya kwenda juu, tuseme 12. Kwa kuwa kupanda ni kutoa, kasi hiyo huandikwa hasi 12. Mvutano huendelea na kazi yake ileile ya kuongeza 1 katika kila fremu: hasi 12 inakuwa hasi 11, kisha hasi 10, mpaka ifike sifuri. Hapo kijitu husita kileleni kwa fremu moja, kisha huanza kushuka.

Je, atapanda kwa kiasi gani? Hapa pana mtego mzuri wa kumfunza mtoto umakini. Programu ikimsogeza kwanza ndipo ibadilishe kasi, atapanda 12, kisha 11, kisha 10, mpaka 1. Jumla yake ni pikseli 78. Lakini ikibadilisha kasi kwanza ndipo imsogeze, atapanda 11, kisha 10, mpaka 1, na jumla ni 66. Maagizo ni yaleyale na tarakimu ni zilezile. Kilichobadilika ni lipi lililotangulia. Kanuni ya darasani, ya kuzidisha kasi kwa yenyewe na kugawanya kwa mvutano mara mbili, inatoa 72, iliyo katikati kabisa ya hizo mbili.

Sasa fikiri kwamba jukwaa linalofuata limewekwa pikseli 70 juu ya sakafu. Kwa mpango wa kwanza mchezaji atalifikia. Kwa mpango wa pili hatalifikia hata abonyeze mpaka usiku wa manane. Mchezo mzima umefungwa kwa sababu ya mistari miwili iliyobadilishana nafasi.

Mvutano wenye chumvi

Mtoto mwerevu anaweza kuuliza: mvutano huu ni sawa na wa ardhi yetu? Tuhesabu. Hapa duniani kitu kinachoanguka huongeza kasi yake kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Tuseme kijitu wetu ana kimo cha pikseli 24, na pikseli hizo zinasimama badala ya mtoto wa mita moja na nusu. Kuruka pikseli 72 ni sawa na mita 4 na nusu, yaani mara tatu ya kimo chake. Safari yote ya kupanda na kushuka huchukua takriban fremu 24, ambazo hazifiki nusu sekunde. Ukizibadilisha tarakimu hizo ziwe mita na sekunde, utapata kwamba mvutano wa mchezo huo unakaribia mara 23 ya ule wa ardhi.

Kwa nini watunzi watie chumvi kiasi hicho? Kwa sababu kwa mvutano wa kweli, kuruka mita 4 na nusu kungechukua karibu sekunde 2 nzima. Kijitu angeelea kama unyoya, na mchezaji angechoka kumngoja. Fauka ya hayo, katika Super Mario Bros. mvutano wenyewe hubadilika. Mchezaji akiendelea kukibana kitufe wakati Mario anapanda, mvutano hupungua naye hufika juu zaidi. Akikiachia, mvutano huongezeka naye hurudi haraka. Hakuna jiwe wala embe duniani linaloanguka hivyo. Lakini mkono wa mchezaji huhisi kwamba unatii na kutiiwa, na hilo ndilo watunzi walilolitafuta.

Sakafu ni swali

Tumemshusha kijitu, sasa ni lazima tumsimamishe. Kwa kompyuta, kijitu ni mstatili mmoja na jukwaa ni mstatili mwingine. Mistatili miwili imeingiliana ikiwa masharti manne yametimia kwa pamoja: upande wa kushoto wa kila mmoja uko kabla ya upande wa kulia wa mwenziwe, na upande wa juu wa kila mmoja uko juu ya upande wa chini wa mwenziwe. Sharti moja likikosekana, hawajagusana. Ni kama watu wawili waliokalia mkeka: ikiwa mmoja amekaa mwanzo na mwingine mwisho, hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Tuseme uso wa jukwaa uko kwenye pikseli ya 200, nalo lina unene wa pikseli 8. Nyayo za kijitu ziko 195, na kasi yake ni 8. Fremu inayofuata nyayo zitakuwa 203, yaani amezama pikseli 3 ndani ya jukwaa. Programu hugundua mwingiliano huo kabla picha haijachorwa, na hufanya mambo matatu. Humrudisha hadi nyayo zikae 200 barabara, huifanya kasi yake ya kushuka kuwa sifuri, na huandika kwamba sasa yuko juu ya sakafu, ili aruhusiwe kuruka tena. Mchezaji haoni lolote kati ya hayo. Anaona tu kwamba kijitu ametua.

Katika mambo hayo matatu, la pili ndilo linalosahauliwa sana na wanaoanza, na adhabu yake hufunza. Ikiwa kasi haikufanywa sifuri, mvutano huendelea kuongeza 1 katika kila fremu hata kijitu akiwa amesimama. Kwa macho ametulia, lakini ndani yake kasi inajilimbikiza kimyakimya, kama deni dukani. Kimo chake ni 24 na unene wa jukwaa ni 8, jumla 32. Kasi ikifika 32, atavuka jukwaa lote kwa fremu moja: sasa hivi yuko juu, punde yuko chini, na hakuna fremu hata moja iliyomkuta ndani. Baada ya nusu sekunde tu ya kusimama, sakafu inammeza.

Hitilafu hiyo ya kupenya huwapata pia wasiosahau. Sarafu ndogo ya kimo cha pikseli 4 inaweza kulipita jukwaa hilohilo kwa kasi ya 12 tu, kwa sababu 4 na 8 ni 12. Dawa zake ni mbili. Moja ni kuiwekea kasi mpaka, tuseme isizidi 10. Nyingine ni kulinganisha nyayo zilikuwa wapi fremu iliyopita na ziko wapi sasa: ikiwa zilikuwa juu ya 200 na sasa ziko chini yake, basi lazima zilivuka, hata kama hakuna picha iliyoshuhudia. Kwa kanuni hiyohiyo hutengenezwa yale majukwaa ambayo mchezaji huyapenya akitokea chini na kusimama juu yake akishuka. Programu humzuia pale tu anaposhuka, na pale tu nyayo zake zilipokuwa juu hapo awali.

Kona, ukuta na simu ya jirani

Ukuta huleta tatizo jingine. Kijitu akiruka kwa mshazari na kugonga kona ya tofali, je, amegonga ubavu au ametua juu? Mistatili imeingiliana, lakini jibu halimo ndani ya mwingiliano wenyewe. Programu ikikisia vibaya, kijitu hurushwa juu ya ukuta ghafla au hukwama ndani yake. Njia ya kawaida ni kuigawa safari. Kwanza msogeze kushoto au kulia peke yake, uliza, urekebishe. Kisha mshushe au mpandishe peke yake, uliza tena, urekebishe. Swali moja gumu likigawanywa huwa maswali mawili mepesi, na hiyo ni hekima inayofaa hata nje ya kompyuta.

Kuna na simu zenyewe. Simu moja huchora fremu 60 kwa sekunde na nyingine 120. Mchezo ulioandikwa kwa kuhesabu fremu tu utakwenda mbio maradufu kwenye simu ya pili. Kwa hiyo watunzi huutenga muda wa hesabu na muda wa kuchora. Hesabu hufanywa kwa hatua za muda zisizobadilika, na picha huchorwa kwa kadiri simu inavyoweza. Hivyo kijana wa Lamu na binamu yake wa Mombasa wakiwa na simu tofauti huruka kwa kimo kimoja.

Baada ya uhalisi huja huruma. Mchezaji akikimbilia ukingo wa jukwaa, mara nyingi hubonyeza kitufe akiwa amekwisha kuupita ukingo kwa muda mdogo sana. Kwa haki ya hesabu ameanguka. Lakini michezo mingi, ukiwemo Celeste wa mwaka 2018 unaosifika kwa ugumu wake, humruhusu aruke kwa fremu chache hata baada ya sakafu kwisha. Mchezaji hajui kwamba amesamehewa. Hujiona tu kuwa ni hodari. Mtunzi mzuri hujua pa kushika kanuni na pa kulegeza, jambo ambalo kila mlezi anapaswa kulijua.

Daftari, kokwa na watoto watatu

Yote haya yanaweza kufundishwa sebuleni bila kompyuta. Chukua daftari la hesabu lenye miraba na uipe mistari yake namba, kuanzia 0 juu hadi 20 chini. Mstari wa 20 ndio sakafu. Weka kokwa ya tende kwenye mstari wa 0. Mtoto wa kwanza awe mvutano: kila zamu aongeze 1 juu ya kasi na kuiandika pembeni. Wa pili awe mwendo: aisogeze kokwa kwa kiasi cha kasi iliyoandikwa. Wa tatu awe sakafu: aangalie kila zamu kama kokwa imevuka.

Kokwa itapita 1, 3, 6, 10, 15, kisha itafika 21. Hapo mtoto wa tatu atapaza sauti, atairudisha hadi 20 na kuifuta kasi iwe 0. Sasa waambie wairushe kwa kasi hasi 5. Mvutano ukitangulia, itapanda mistari 10. Mwendo ukitangulia, itapanda 15. Waache wabishane mpaka wagundue wenyewe kwa nini. Mdogo aliyekuwa akiogopa namba hasi atazitumia bila kutambua kwamba anazitumia.

Watakaotaka kuendelea wana Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya chuo kikuu cha MIT huko Marekani kwa ajili ya watoto. Haina malipo, ina lugha ya Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na ikishawekwa kwenye kompyuta hutumika bila intaneti. Mtoto huunganisha vipande vya maagizo kama matofali. Tahadhari moja tu: katika Scratch hesabu huongezeka kwa kupanda, si kwa kushuka, kwa hiyo alama za kujumlisha na kutoa hubadilishana. Atakayeuelewa mchezo wa kokwa hatatatizika kwa hilo.

Nchini mwetu, silabasi ya kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari iliidhinishwa mwaka 2022. Walakini si kila shule ina kompyuta wala mwalimu wa somo hilo, na mabinti mara nyingi ndio wa mwisho kupewa nafasi pale vifaa vinapokuwa vichache. Daftari la miraba halina foleni. Binti wa miaka kumi anayeweza kueleza kwa nini kokwa ilifika 21 na kwa nini ikarudishwa 20 amekwisha kuandika programu yake ya kwanza, ijapokuwa kwa kalamu.

Basi mara nyingine utakapomkuta mwanao ameinamia simu, kabla ya kumwambia aiweke chini, muulize: "Huyo akisimama hapo juu, ni nini kinachomzuia asianguke?" Akisema ni tofali, mwambie tofali hilo ni picha tu, halina ugumu wowote. Kisha mpe daftari, na umwachie atafute jibu.